Gari likianza kumisi, uliza ni silinda gani

Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja mwalimu, mkazi wa Matasia, pale kati ya Ngong na Kiserian. Anasema gari la nyumbani kwake, Toyota Probox ya petroli, limeanza kumisi. Asubuhi likiwashwa hutetemeka kama mtu mwenye homa. Akiacha Kiserian na kuanza kupanda barabara ya Magadi kuelekea Corner Baridi, upande anakofundisha, gari hushtukashtuka na kukosa nguvu hata magari ya mizigo humpita. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Gari likatulia siku mbili, kisha maradhi yakarudi. Wa pili amemwambia, "Mwalimu, hii ni pampu ya mafuta. Tuibadilishe kwanza tuone." Wa tatu anataka koili mpya, nne kwa pamoja. Mama anauliza amwamini nani, maana pesa zilizobaki ni za karo ya watoto.

Mwalimu, usimwamini yeyote kati ya hao watatu kwa sasa. Sisemi ni waongo. Ninachosema ni kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuambia ni silinda gani inayokataa kufanya kazi. Injini ya gari lako ina silinda nne, na mara nyingi inayougua ni moja tu. Anayetaka kukuuzia koili nne kabla ya kuijua hiyo moja ni sawa na daktari wa meno anayeng'oa meno yote ya upande mmoja ili alipate lile linalouma.

Hebu kwanza tuelewane kumisi ni nini. Neno lenyewe tumelitwaa kwa Waingereza na mafundi wa jua kali wamelifanya letu. Silinda ni kama chumba ambamo petroli na hewa huingia, hugandamizwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo hulipuka na kuisukuma pistoni chini. Hiyo ndiyo nguvu inayozungusha magurudumu. Kila silinda ina zamu yake, na zamu ikifika bila mlipuko, basi gari limemisi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kama inavyoweza kufanya ikipanda mlima, silinda nne hulipua mara 100 kwa kila sekunde. Moja ikinyamaza kabisa, milipuko 25 hukosekana kila sekunde na karibu robo ya nguvu imekwenda. Nyingine tatu nazo huburura mzigo wa mwenzao. Ndiyo sababu mwalimu hulihisi tatizo zaidi mlimani.

Ili mlipuko utokee, silinda huhitaji mambo matatu. La kwanza ni cheche yenye nguvu, kwa wakati wake. La pili ni petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa, yaani kilo moja ya petroli kwa karibu kilo 15 za hewa. La tatu ni kompresheni, ule mgandamizo wa pistoni, ambao huhitaji vali zinazofunga sawasawa, ringi zisizochakaa na gasketi nzima. Kila fundi unayemsikia akitaja hili na lile anazunguka ndani ya hayo matatu tu. Kazi ni kujua ni lipi limekosekana, na katika silinda ipi.

Wazee waliomiliki Datsun na Peugeot za zamani wanakumbuka asubuhi za mvua walipofungua boneti na kupangusa kifuniko cha distributa kwa kitambaa kikavu. Koili ilikuwa moja, ikipeleka umeme kwa distributa, nayo distributa ikigawia plagi zote kupitia waya. Unyevu kidogo tu na umeme ulitorokea pembeni. Siku hizi injini nyingi za petroli, pamoja na ya Probox, hazina distributa. Kila plagi imevalishwa koili yake juu ya kichwa. Kwa mwenye gari, mabadiliko haya ni neema ambayo wengi hawaitumii, na nitaeleza hivi punde.

Kabla ya kushika spana, mwalimu, shika kalamu. Kwa juma moja andika ni lini hasa gari linamisi. Ni asubuhi likiwa baridi, kisha linatulia? Ni likipata moto? Ni mlimani tu? Ni likiwa limesimama kwenye foleni, lakini likikimbia ni tulivu? Lilianza siku ulipojaza mafuta, au siku ulipoosha injini? Fundi mzuri atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa soda, kwa sababu kila jibu hufunga milango kadhaa.

Gari linalomisi mlimani likiwa na mzigo, aghalabu lina cheche dhaifu au limekosa mafuta ya kutosha. Ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche hupata shida kuruka katikati ya hewa iliyobanwa. Koili iliyochoka inaweza kufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama, kisha ikashindwa hapo. Filta ya mafuta iliyoziba na pampu iliyochoka huleta dalili zinazofanana, lakini hizi hunyima silinda zote kwa pamoja. Gari hukosa nguvu kwa ujumla, kama mtu anayeishiwa na pumzi. Mtetemo ule wa puku-puku-puku unaokuja kwa mpangilio mmoja ni wa silinda moja. Kwa maelezo ya mwalimu, hasa ule mtetemo wa asubuhi, sioni sababu ya kuanza na pampu.

Gari linalomisi likiwa limesimama tu, kisha likatulia likipata mwendo, mara nyingi linavuta hewa ya wizi mahali fulani, labda mpira uliopasuka kati ya filta ya hewa na injini, au vali moja haifungi vyema. Linalomisi likipata moto na kupona likipoa, shuku koili au sensa inayokatika kwa joto.

Ama kuhusu asubuhi, wakazi wa Matasia wana jambo la ziada la kuangalia. Mko karibu na vilima vya Ngong, mahali palipo juu na penye ukungu, na miezi ya Juni hadi Agosti mnaijua wenyewe. Koili yenye ufa mdogo katika mpira wake hupitisha umeme pembeni kukiwa na unyevu, kisha injini ikipata joto na kukauka, kila kitu huwa shwari. Lakini kuna sababu nyingine ya kumisi asubuhi ambayo haifai kuchezewa. Ikiwa gasketi ya kichwa cha injini imeanza kuvuja, maji ya rejeta hupenya polepole usiku kucha na kuingia katika silinda moja. Asubuhi silinda hiyo hukohoa kwa dakika moja au mbili, bomba la moshi hutoa moshi mweupe usiokwisha haraka, na maji ya rejeta hupungua siku baada ya siku bila tone kuonekana chini. Mwalimu, pima maji hayo kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi. Yakipungua, acha habari ya plagi na koili kabisa.

Jambo lingine ni kuosha injini. Vumbi la barabara za ndani za huko humfanya mtu atamani kuona injini inang'aa, na vijana wa kuosha magari huelekeza mpira wa maji yenye nguvu moja kwa moja juu ya koili. Maji huingia katika mashimo ya plagi na kukaa humo. Gari lililoingia pale likiwa zima hutoka likichechemea. Injini na ifutwe kwa kitambaa.

Sasa tufike kwenye kiini. Silinda gani?

Magari mengi ya miaka hii yana kompyuta inayohesabu mzunguko wa injini na kujua silinda ipi imeruka zamu. Ile taa ya manjano yenye picha ya injini kwenye dashibodi ikiwaka, kompyuta imehifadhi namba ya kosa. Fundi akiunganisha mashine ya kupima, kazi wanayoiita dayagnosisi, huenda akaona P0300, maana yake gari linamisi katika silinda mbalimbali bila kutulia kwenye moja. Akiona P0301, ni silinda ya kwanza. P0302 ni ya pili, na kuendelea hivyo hadi P0304 kwa injini ya silinda nne. Mwambie akuonyeshe namba hiyo kwa macho yako, nawe iandike. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na kila mashine, kwa hiyo mashine ikikataa kusoma si lazima gari liwe na kosa jingine.

Tahadhari moja hapa. Namba P0303 haisemi "nunua koili ya tatu". Inasema silinda ya tatu haifanyi kazi. Sababu bado haijajulikana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Neema niliyoitaja ya kila plagi kuwa na koili yake ni hii: unaweza kubadilishana bila kununua chochote. Zima injini na uiache ipoe. Chomoa waya wa koili ya silinda inayougua, fungua boliti moja inayoishikilia, uivute juu polepole. Fanya vivyo hivyo kwa silinda jirani iliyo nzima, kisha uzibadilishane. Washa gari, ulitembeze mpaka limisi tena, usome kompyuta upya. Ikiwa kosa limehama kutoka silinda ya tatu hadi ya pili, basi koili ndiyo mgonjwa, na unanunua moja tu. Ikiwa kosa limebaki palepale, koili ni nzima. Sasa hamisha plagi kwa njia ileile. Plagi nayo ikiwa haina hatia, usikilize nozeli ya silinda hiyo, ile inayonyunyiza petroli. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni, naye husikia tik-tik-tik. Iliyo kimya kati ya nne zinazosikika huenda imekufa au haipati umeme.

Jambo moja kwa wakati mmoja, tafadhali. Fundi anayehamisha koili, plagi na kusafisha nozeli kwa mkupuo mmoja hatajua kilichoponya gari, na likirudi ataanza upya kwa pesa yako.

Kwa magari yasiyosomeka kwa mashine, mafundi wana njia ya zamani. Injini ikiwa inanguruma taratibu, wao huchomoa waya wa umeme wa nozeli moja baada ya nyingine. Ukichomoa wa silinda nzima, mlio wa injini hubadilika na mtetemo huzidi. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, silinda hiyo ilikuwa maiti tangu mwanzo. Wako wanaong'oa koili au waya wa plagi huku injini ikinguruma. Wasifanye hivyo kwa gari lako. Umeme wa plagi hufika volti 20,000 na zaidi, unaweza kumrusha mtu au kuharibu kompyuta, na petroli isiyowaka hukimbilia kwenye bomba la moshi.

Plagi zikitolewa, usikubali zitupwe kabla hujazitazama. Zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda zao. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ina afya. Iliyofunikwa masizi meusi makavu imepata petroli nyingi kuliko hewa. Iliyolowa oili inaeleza habari ya ringi au mipira ya vali. Nyeupe iliyobabuka imeunguzwa na joto. Kama tatu ni za kahawia na moja ni nyeusi, umeshapata jibu bila mashine. Tazama pia ndani ya mashimo zilimotoka. Katika injini zilizotembea sana, mipira ya kuzuia oili kwenye kifuniko cha juu huisha, oili ikajaa shimoni na kulowesha mpira wa koili. Plagi mpya ikiwekwa humo hutulia siku chache, kisha gari likaanza tena. Mwalimu, wewe uliandika kuwa gari lilitulia siku mbili tu baada ya plagi mpya. Ningeanza na mashimo hayo. Inawezekana pia ulipewa plagi bandia, maana zipo tele, zikiwa na maandishi yote ya kampuni isipokuwa ubora wake.

Cheche ikiwepo na mafuta yakiwepo, kilichobaki ni kompresheni. Kipimo chake ni saa ndogo inayofungwa kwenye shimo la plagi huku injini ikizungushwa kwa starta. La kutazamwa zaidi ni tofauti. Silinda tatu zikikaribiana na ya nne ikawa chini sana, fundi humwagia humo oili kiasi cha kijiko na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, ni vali au gasketi. Habari hii ni mbaya, lakini ni nafuu kuipata kabla ya kununua koili nne kuliko baada yake.

Nimewasikia wengine wakisema gari linalomisi bado linatembea, kwa hiyo litasubiri mwisho wa mwezi. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, linaweza kusubiri siku kadhaa kwa mwendo wa pole. Ikipepesa, usisubiri. Kupepesa ni kompyuta inasema petroli isiyoungua inamiminika kwenye kichungi cha moshi, ambacho mafundi hukiita katalisti, na kuungua humo. Joto hupanda hadi kuyeyusha kauri iliyo ndani, na kauri iliyoyeyuka huziba bomba. Kifaa hicho kina platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake huenda ikapita ya koili nyingi. Petroli hiyohiyo pia huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuchanganyika na oili ya injini. Tena usiegeshe gari la namna hiyo juu ya nyasi kavu. Bomba lenye joto la kupindukia linaweza kuwasha moto.

Katalisti ikishakufa, au hata ikiwa hai, atatokea mtu wa kukushauri ikatwe "ili gari lipumue", naye abaki nayo. Sasa unajua kwa nini anaitaka.

Mafuta yenyewe nayo yana kesi yake. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na walaghai waliyatumia kuchakachua. Mwaka 2018 serikali iliyatoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ili kuua faida ya mchezo huo, na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, huweka alama katika mafuta na kupima vituo. Basi gari likianza kumisi kilomita chache baada ya kujaza, weka risiti. Chota kidogo kwenye chupa safi ya kioo, mbali na moto, uiache itulie. Maji, ambayo huingia kwenye matangi ya vituo hasa majira ya mvua, yatakaa chini na petroli juu. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, lakini tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka upesi, hali lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ukishuku, peleka malalamiko EPRA ukiwa na risiti mkononi.

Wenye magari ya dizeli msione nimewasahau. Nyinyi hamna plagi za cheche. Kwenu kumisi ni nozeli, hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta, au kompresheni, na moshi mweupe wa asubuhi wenye harufu ya dizeli mbichi huwa ndiyo shahidi.

Na si kila mtetemo ni wa kumisi. Mipira inayobeba injini ikikatika, gari hutetemeka likisimama hata kama silinda zote zinafanya kazi. Magurudumu yasiyosawazishwa hutetemesha usukani kwa mwendo wa kasi tu.

Nimalize na mafundi, kwa kuwa mwalimu ameandika kwa uchungu. Fundi wa jua kali hulipwa akibadilisha kitu. Akikaa saa mbili akihamisha koili na kutazama plagi, kisha akakwambia tatizo ni mpira wa shilingi chache, wengi wetu humpa pesa ya chai tukadhani tumemtendea haki. Kwa hiyo amejifunza kusema "tubadilishe kwanza tuone". Nenda kwa yule mwenye mashine na subira, mkubaliane mapema malipo ya kutafuta ugonjwa, mbali na malipo ya kutengeneza. Mwulize maswali matatu: ni silinda gani, umejuaje, na kilichotolewa kiko wapi nikione. Asipokuwa na jibu la pili, mlipe ya kazi aliyofanya na uondoke na gari lako. Na kama ni koili, basi nunua moja, uombe risiti yenye jina la duka.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutamjibu bwana mmoja wa Ongata Rongai ambaye gari lake huchemka kila anapopanda kutoka Magadi.